Mkono Unaochora Mkono: Wapakaji Hina wa Bamburi na Chemchemi ya Maua Yao

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, katika nyumba yenye arusi huko Kiembeni, mikeka imeshatandikwa chumba cha ndani, wanaume wamehamia barazani, na bibi arusi amekalishwa kwenye godoro, miguu ameinyosha juu ya mto uliofunikwa leso kuukuu. Anayengojewa si shehe wala mpishi. Ni mwanamke mwenye mkoba mdogo, na ndani ya mkoba mna hina iliyochungwa mara tatu kwa kitambaa chepesi, ndimu, kichupa cha mafuta, koni za nailoni na pini za kuzibia ncha zake. Akifika hupokewa kwa chai na mahamri, huulizwa hali ya wanawe, kisha nyumba nzima humwachia yeye amri. Ndiye atakayesema lini bibi arusi ainuke, na nani akae mbali asije akamgusa.

Shughuli hizi tumezihudhuria tangu utotoni, wala hatukumbuki hata mara moja kumsikia mama huyo akiitwa msanii. Jina hilo tumewatengea wachongao vinyago, wachorao ubavu wa matatu na kuta za vibanda, na vijana wauzao picha za majahazi kwa wageni pale Pirates. Huyu wetu ni mpakaji hina tu, kama vile kuna mchuuzi na mshoni. Ilhali yeye hupewa ngozi tupu, isiyo mstari wala kipimo, naye huijaza kwa jicho lake mwenyewe kuanzia ncha za vidole hadi kiwikoni, na kuanzia unyayo hadi karibu na goti. Tena hina haina raba ya kufutia. Mkono ukiteleza, doa lile lazima ligeuzwe jani, na jani litafutiwe kikonyo, na kikonyo kipate ua, hata atazamaye asijue kwamba bustani yote ile ilizaliwa na kosa.

Tukiwauliza wapakaji tunaowajua, wa Kiembeni, wa Utange na wa Mtambo, maua hayo wameyatoa wapi, jibu la kwanza huwa ni kicheko. Yanakuja tu, husema. Lakini mtu akikaa nao siku mbili tatu huanza kuona kwamba hayaji tu. Yana njia zake, na njia hizo ni za zamani.

Njia iliyo karibu zaidi ni leso. Kila mwanamke wa pwani amezaliwa akapokewa kwa leso, na macho yake yamesoma leso kabla hayajasoma alifu. Pale Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, limekuwa likiuza nguo tangu mwaka 1887, na wengi wetu tungali tuna kabatini leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla zilizoachwa na nyanya zetu. Leso ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina lake lililoandikwa. Sasa mtazame mpakaji akianza kazi. Kifundo cha mkono hukizungushia ukanda mnene wa vijani na vitone: hilo ni pindo. Kiganja hukitia duara au ua moja kubwa lililotulia: huo ni mji. Na lile umbo la korosho lenye ncha iliyopinda, ambalo halikosi katika leso za Mombasa, hulala juu ya kila kidole likiwa limejazwa mistari membamba. Hakufundishwa na mtu kwamba mkono ni leso ndogo. Mkono wenyewe unajua.

Njia ya pili hupita Mji wa Kale. Milango ya nakshi ya kule ina minyororo iliyochongwa kuzunguka miimo, ina mawaridi yaliyopangwa kwa safu, ina majani yaliyofuatana kama wanafunzi watokao chuoni. Waongozao watalii huwa na maana tayari ya kila nakshi. Sisi hatuna hakika kama fundi aliyekuwa ameshika patasi aliwaza yote hayo. Lililo hakika ni kwamba nakshi hizo zilitembea kutoka mkono hadi mkono. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa khati, mshairi na mchongaji milango, yote hayo mtu mmoja. Kalamu iliyopamba ukurasa na patasi iliyopamba mlango zilikuwa za mkono mmoja. Na kabla yake, mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate walikuwa wakinakili misahafu na kuipamba kurasa zake kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, pambizo zikizungushiwa visuka na maua.

Wanawake hawakuketi katika karakana hizo. Lakini waliuona msahafu ukifunguliwa nyumbani, waliufungua mlango na kuufunga mara ishirini kwa siku, na waliishi mbele ya kuta zenye zidaka za chokaa iliyochongwa. Katika miaka ya 1960, vita vya Shifta vilipowahamisha Wabajuni wengi kutoka bara ya Lamu, jamaa nyingi zilihamia huku Kisauni. Hawakuja na milango wala zidaka. Walikuja na mikono yao, na yaliyokuwa yameandikwa mawe na mbao yakaandikwa tena katika ngozi za mabinti.

Hapa tutaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, kwa kuwa Bamburi nayo ina lake. Watu wengi hulijua jina la mtaa wetu kutoka ubavuni mwa mfuko wa saruji. Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na jiwe linalosagwa hapo ni tumbawe la zamani, lililokuwa bahari kabla halijawa nchi. Ni jiwe lile lile ambalo mafundi wa Pate na Lamu walilichoma likawa chokaa, wakachonga zidaka. Machimbo yaliacha jangwa jeupe, na mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, akaanza kupanda miti humo. Mingi ilikufa. Mivinje ilistahimili, na majani yake membamba yalipoanguka, waliletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo, na juu ya udongo huo pakaota msitu tuuonao leo. Tunayataja haya kwa sababu katika arusi moja huko Utange tuliona mguuni mwa bibi arusi tawi ambalo si la Kihindi wala la Kiarabu: jani refu, jembamba kama uzi, lililogawika pingili pingili, likishuka kutoka kifundoni hadi kidole gumba. Ulikuwa ni mvinje. Mpakaji wake amekulia nyuma ya ukuta wa machimbo, na mti uliomfunika jua utotoni ukaingia katika kazi yake bila ya kubisha hodi.

Basi mtu atauliza: kwa nini daima majani na maua? Kwa nini si paa, si ndege, si uso? Wazazi wengine hutuuliza swali hili kwa wasiwasi, hasa mwenye binti anayependa kuchora, kwani wamesikia kwamba kuchora ni haramu na hawajui mpaka uko wapi. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas, Allah awe radhi naye, akimweleza kwamba riziki yake hutokana na kazi ya mkono wake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas alimsikilizisha onyo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, kuhusu wenye kutengeneza sura. Yule mtu akapigwa na butwaa, uso ukamgeuka rangi. Ndipo Ibn Abbas akamwonesha mlango: ikiwa hapana budi, na achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Sisi tunapoisoma habari hii hutuvutia yule fundi. Hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa na watu wa kulisha. Hakufukuzwa na ufundi wake. Alielekezwa pa kuupeleka. Ukiitazama pwani yetu kwa jicho hilo, utaona kwamba miaka mingi ya milango, zidaka, misahafu, mikeka ya miyaa iliyotiwa rangi na mikono ya hina ni jibu moja refu la shauri lile. Waliambiwa mti, wakaufanya mti usio na mwisho. Kwa mzazi mwenye wasiwasi, tungependekeza aanzie hapo: ampe binti yake kalamu na amwoneshe jani, na yaliyobaki awaulize mashehe wa mtaa wake, kwani katika picha za kamera na vitabu vya watoto wanavyuoni wana maneno yao marefu.

Mtihani wa jambo hili hauko darasani bali ufuoni. Pale Pirates, msimu wa wageni, wako kina mama na wasichana wenye vigoda na vitabu vya vielelezo. Mgeni hataki korosho. Anataka mjusi begani, simba kifuani, pomboo kifundoni, na mara nyingi mgeni mwenyewe ni mwanamume. Mwenye kujizuia hukosa pesa ya siku, na nyumbani kuna karo. Wapo waliokata shauri kuwachora wanawake pekee na kuwapa mti wa mnazi, ua au nyota, na anayetaka mnyama huelekezwa kwa jirani. Hatutawahukumu walioshindwa kufanya hivyo. Sisi tumekaa kwenye kivuli tukiandika. Ila tunaona ajabu kwamba wateja haohao wa kigeni, wakioneshwa kazi ya kweli ya Kiswahili badala ya kitabu cha vielelezo, mara nyingi huisahau simba yao.

Lililotufanya hasa tuandike makala haya, hata hivyo, si simba. Ni piko.

Miaka michache iliyopita, usiku wa kuamkia Idi, binti mmoja wa nyumba yetu alipakwa maua meusi kwenye mkono wa kulia, mahali ambapo hatutapataja. Alitoka amefurahi, kwani yalikuwa yamekoza ndani ya nusu saa. Siku ya tatu mkono ulianza kumwasha. Siku ya nne kila jani liliinuka likawa lengelenge, ua zima limesimama juu ya ngozi kama lililochongwa, maji yakitoka. Daktari alipoutazama hakuuliza ni nini. Alikuwa ameshawaona wenziwe. Malengelenge yalikauka, lakini ua lilibaki, jeupe, kwa miezi mingi. Akaambiwa pia asiguse rangi ya nywele maisha yake yote.

Yapasa tueleze, kwa kuwa wengi hudhani piko ni hina iliyokolezwa. Sivyo. Hina ni jani la mhina, lililokaushwa, likatwangwa, likachungwa. Rangi yake hushika katika ngozi ya juu tu. Uji ukibanduliwa huonekana ya machungwa, kisha hukoza kuwa nyekundu ya damu ya mzee au kahawia ndani ya siku mbili. Haipati kuwa nyeusi tii kama wino. Piko ni unga wa kutia nywele rangi, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye makasha huandikwa kwa ufupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2, wala hairuhusiwi kupakwa ngozini. Huku kwetu huchanganywa kwa kukisia, na hupakwa watoto wa miaka mitano. Mwili ukishaichukia, hauisahau: mara ya pili huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Na ikiingia tumboni ni sumu inayoua, jambo ambalo madaktari wa Sudan wameliandika kwa huzuni mara nyingi.

Wapakaji wenyewe wanayajua haya kuliko sisi, na wao ndio wa kwanza kuumia, kwani vidole vyao hukaa ndani yake kila wiki. Basi kwa nini hawaiachi? Kwa sababu sisi wateja twataka nyeusi. Hina ya kweli huhitaji bibi arusi akae saa sita au usiku kucha, asishike kitu, alishwe kama mtoto. Huhitaji mpakaji aloweke unga wake tangu jana. Piko ni nusu saa, na picha hutoka vizuri. Tumeona mpakaji mzuri akiikataa piko, na mama wa bibi arusi akimwita mwingine mbele yake. Huyo aliyekataa alifunga mkoba wake, akanywa chai aliyowekewa, akaaga kwa adabu, akaenda zake bila ya malipo. Lawama ya lengelenge tunaiweka wapi?

Hapa ndipo tunapomkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemwachia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Katikati ya mambo makubwa ya dini na heshima hakuona haya kumwambia habari za pete, za wanja na za hina isiyokatika mikononi. Kwa mama yule pambo halikuwa upuuzi. Lilikuwa sehemu ya adabu ya nyumba. Ndiyo maana pia hina huwekwa kando. Mwenye eda ya kufiwa huiacha kwa miezi minne na siku kumi, na katika nyumba zetu mikono iliyofifia ya mjane imekuwa ikisema neno ambalo hakuna aliyehitaji kulitamka. Sanaa yenye msimu wa kunyamaza si sanaa ndogo.

Ni sanaa ya stara pia. Picha ya ukutani huonwa na apitaye. Kazi ya mpakaji huonwa na mume, na dada, na mashoga, kisha baada ya wiki mbili huondoka na maji ya udhu. (Tumeulizwa mara nyingi, basi tuseme: rangi peke yake haizuii maji, kinachozuia ni uji uliokaukia ngozini, nao huondolewa kwanza.) Lakini siku hizi mpakaji asiye na picha kwenye simu hapati kazi, na picha yenyewe ni mkono wa binti wa watu. Wapo wanaoomba ruhusa na kupiga kiganja peke yake, kisichojulikana ni cha nani. Wapo wasioomba. Tumesikia ugomvi wa jamaa uliozuka kwa mguu mmoja ulioonekana mitandaoni hadi goti. Wenye arusi wangelimaliza jambo hili mapema, kwa maneno mawili ya upole, kabla koni haijafunguliwa.

Na simu imeleta jambo jingine. Mtindo wa Kihindi uliojaa mpaka ngozi haionekani, wa Kikhaliji wenye maua makubwa na nafasi pana, wa Kisudani wenye mistari minene: yote yamo kiganjani, na bibi arusi huonesha picha na kusema, nataka hii. Mpakaji hunakili. Hatusemi ni vibaya. Leso yenyewe ililetwa na bahari. Lakini yule wa Utange na mvinje wake huchora tawi lake kwa wale tu wanaomwambia, fanya upendavyo, nao ni wachache.

Hapo Bombolulu, kando ya barabara ya Malindi, tangu mwaka 1969 ndugu zetu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vipuli na mikufu kwa shaba, mbegu na mbao, na kila kitu kina bei yake iliyoandikwa, wala mgeni haoni haya kuilipa. Kwetu ndani, kazi ya usiku kucha hupatanwa kama fungu la mchicha. Bibi arusi ameshalipiwa ukumbi, pilau, gari na mpiga picha. Ikifika kwa mpakaji, nyumba hukumbuka ghafla kwamba ni jirani, na ya jirani huwa ni asante na sahani ya biriani. Tumeyafanya haya sisi wenyewe. Mgongo wa mpakaji, ulioinama tangu alasiri hadi usiku wa manane, hauijui biriani.

Yule binti wa nyumba yetu amepona. Kovu halionekani ila akishika kitu mbele ya dirisha. Kwa muda mrefu hakutaka kuiona hina, hata harufu. Mwezi wa Shaabani uliopita nyanya yake alimwita, akampa bakuli la hina aliyoiloweka mwenyewe kwa ndimu na chai ya rangi, na kijiti cha chelewa alichokichomoa katika ufagio mpya, akamnyoshea mkono. Hakutaka maua. Alitaka kama walivyopakwa wao: duara moja katikati ya kiganja, na ncha za vidole zilizochovywa. Binti akafanya. Duara halikuwa sawa, likaegemea upande wa kidole gumba. Nyanya akautazama mkono, akaugeuza, akasema na wa pili je.